Siku Nane na Sehemu ya Sita

Likizo ya kwanza kuingia nyumbani kwa Lewa Kitsao iliingia na mkia. Karani Wafula aliihesabu mara tatu, akafuta, akahesabu tena, na jibu likawa lile lile: siku nane na sehemu ya sita ya siku.

"Sehemu ya sita ndiyo nini?" aliuliza Lewa. Alikuwa amesimama nje ya dirisha la ofisi, kwa kuwa vibarua hawakuruhusiwa kukanyaga sakafu ya ndani, na kofia yake ameishika mkononi ijapokuwa jua la Changamwe lilikuwa utosini.

"Saa moja na nusu," alisema Wafula. "Siku ya kazi ni saa tisa. Zigawanye kwa sita. Kwa hiyo siku ya tisa, badala ya kuingia saa moja, utaingia saa mbili na nusu."

"Sasa hiyo saa moja na nusu niifanyie nini?"

"Hilo si shauri la ofisi. Hiyo ni likizo yako."

Ilikuwa Novemba ya mwaka wa arobaini na nane. Kabla ya hapo neno likizo lilikuwa la walimu na Wazungu. Kibarua alikuwa na kazi, au hana kazi, basi. Lakini mwaka uliotangulia watu wa Mombasa walikuwa wameketi chini siku kadhaa wakakataa kuinuka, na tangu hapo kampuni zikaanza kutoa kidogo hiki na kidogo kile. Kiwanda cha kamba za makumbi ya nazi alimofanya kazi Lewa kilitoa likizo. Tangazo lilibandikwa ukutani: aliyefanya kazi mwaka mzima atapumzika siku kumi na nne kwa mshahara, na aliyefanya sehemu ya mwaka atapata sehemu yake. Ukilisoma mbio mbio huoni matata yoyote.

Lewa aliajiriwa mwezi wa Machi. Kwa vidole vya Kahaso mkewe, Machi mpaka Novemba ni miezi tisa, na miezi tisa ni siku kumi unusu. Lakini ofisi haikuhesabu miezi ya Mungu. Ilihesabu tikiti. Tikiti ni kadi yenye vyumba thelathini, na kila siku unayofanya kazi nyapara hutia alama chumba kimoja. Vikijaa vyote, ndipo umetimiza mwezi. Ukishikwa na homa, hakuna alama. Mashine ikiharibika, hakuna alama. Mwezi wa kampuni basi waweza kwenda siku arobaini na usione haya. Lewa alikuwa na tikiti saba zilizojaa, na ya nane ilikuwa na alama ishirini na nne.

"Na hii ya nane?"

"Haijajaa."

"Zimebaki siku sita tu, karani."

"Ingejaa, ningekuandikia siku tisa na theluthi. Haijajaa." Wafula alisema hivyo kwa masikitiko ya kweli. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa bara, wa kanisa, mwenye shati moja jeupe alilolifua kila jioni, na aliamini kabisa kwamba kila mtu akipewa kile hesabu inachosema, dunia itatulia. Watu wa kiwandani walimcheka Kiswahili chake kisirisiri, ila hesabu zake hakuna aliyezicheka.

Lewa alizipokea zile nane na mkia wake. Alizihitaji sana. Kule kwao Kaloleni, minazi ya marehemu baba yake ilikuwa inagawanywa wiki hiyo iliyokuwa ikija, na katika ukoo wao kila mwana hutia alama minazi yake mwenyewe, kwa panga lake, kwa mkono wake, mbele ya wazee. Asiyefika hana alama. Minazi isiyo na alama hutunzwa na kaka mkubwa, na kaka mkubwa alikuwa Jefwa, mtu hodari sana wa kutunza vya wenzake.

* * *

Nyumbani habari ilipokewa vizuri kwa muda wa kama dakika tano. Walikuwa wamekaa kibarazani watu watatu: Lewa, Kahaso, na Gona, ndugu yake Kahaso, aliyekuja kutoka bara la Kilifi mwezi wa Aprili kutembelea dada yake siku mbili na bado alikuwa hajazimaliza.

"Siku nane," alisema Gona, akihesabu kwa vifundo vya vidole. "Zangu mimi ni ngapi humo?"

"Zako?" Kahaso aligeuka. "Likizo yako wewe? Wewe mwaka mzima umepumzika, ukipumzika tena si utakufa?"

"Dada, usinikatae mbele ya mlamu wangu. Zile tikiti saba alizijaza nani? Aliposhikwa na homa mwezi wa Mei nani alikwenda? Alipokwenda kupanda mahindi? Alipoumia mguu? Mimi nimeweka hesabu. Ni siku hamsini na mbili."

Hapo hakuna aliyecheka, maana ilikuwa kweli. Kila mtu Changamwe alijua kwamba tikiti lazima ijae, na kwamba ukikosa siku mbili tatu kuna wanaume thelathini wamesimama langoni tangu alfajiri wakiitaka nafasi yako. Basi ukiwa huwezi, unampeleka ndugu. Ndugu anaitika jina lako, anafanya kazi yako, anatiwa alama yako. Nyapara Mwinyihaji alikuwa akiyajua yote. Kwake yeye mashine ilitaka mikono miwili, na mikono miwili ilikuwapo. Kila mwisho wa mwezi aliletewa kuku au chane ya ndizi nyumbani, na akawa haoni vizuri. Ama Mzungu, yeye hakuwa na haja ya kuletewa kuku. Lewa alikuwa mfupi mwenye upara, Gona mrefu mwenye pengo mbele, na katika miezi tisa bwana meneja alikuwa amewapita mara nyingi akawaona ni mtu mmoja.

"Hamsini na mbili katika mia mbili na kumi," aliendelea Gona, ambaye shule aliiacha darasa la pili lakini katika haki yake hakuachwa nyuma. "Ni kama robo. Robo ya nane ni mbili. Nadai mbili tu, na ule mkia nakuachia."

"Utazipumzikia wapi?" aliuliza Lewa.

"Hapa hapa. Lakini nipumzike nikijua kuwa nalipwa."

Lewa alicheka mpaka akajipangusa macho. "Nikirudi nitakulipa hizo siku zako mbili. Wallahi nitakulipa. Sasa nipeni panga langu nilinoe."

Jumatatu alfajiri alipanda gari la moshi mpaka Mazeras, akashika njia kwa miguu. Panga alikuwa amelifunga kwa gunia.

* * *

Siku ya pili ya likizo, Gona alirudi nyumbani anakimbia.

"Dada! Nafasi imekwenda!"

Kahaso alikuwa anapepeta mchele. "Nafasi gani?"

"Ya mlamu. Nimepita langoni nikachungulia. Kwenye mashine yake yuko mtu mwingine. Ana singlendi ya bluu, anasokota kamba kama kazaliwa hapo."

Kahaso aliweka ungo chini. Mtu wa singlendi ya bluu alikuwa ni kibarua wa siku mbili aliyewekwa na nyapara kwa ajili ya likizo hiyo hiyo, na siku mbili zake zilikuwa zimekwisha jioni ile. Lakini Kahaso angejuaje? Miaka kumi aliyokaa Changamwe hakuwahi kuona mtu akaondoka mahali pake, akarudi akapakuta. Alikuwa ameona watu wakienda kuzika watoto wao na kukuta majina yao yamefutwa. Kwamba ofisi ingeweza kukuambia nenda, pumzika, tukulipe, kisha urudi ukae pale pale, hilo alilisikia kwa masikio lakini mwili wake haukulikubali.

"Aliandikiwa na karani," alisema, kama anayejibembeleza.

"Karani yuko ofisini. Kwenye mashine yuko mtu wa singlendi."

Kahaso aliingia ndani, akafungua sanduku, akatoa ile tikiti ya nane iliyokuwa imefungwa kwenye leso. Vyumba sita vilikuwa vitupu. Akavitazama.

"Kesho uende," alisema. "Usizungumze na mtu. Ukiulizwa, umerudi mapema."

Jumatano asubuhi Mwinyihaji alimkuta Gona amekwisha simama kwenye mashine, tikiti mkononi. Nyapara huyu alikuwa Mswahili wa mjini, mtu wa kanzu safi na maneno ya taratibu.

"Wewe yuwaja kufanyani? Mwenyewe si yuko likizo?"

"Amerudi, bwana."

"Amerudi yuko wapi?"

"Mimi hapa."

Mwinyihaji alimtazama. Alifikiri labda ofisi imebadili shauri, kwa kuwa ofisi ilikuwa na desturi ya kubadili mashauri. Alifikiri pia juu ya mtu wa singlendi ya bluu, aliyeondoka bila hata kusema ahsante, seuze kuku. Akatia alama. Akatia na Alhamisi, na Ijumaa, na Jumamosi, na Jumatatu, na Jumanne. Chumba cha thelathini kilijaa, na tikiti ya nane ikawa mwezi kamili.

* * *

Kaloleni, Lewa alitia alama minazi kumi na mitatu. Siku tatu Jefwa alijaribu kumpa ile iliyopigwa radi na ile iliyozeeka mpaka haikumbuki kuzaa, na siku tatu Lewa aliwaonyesha wazee kwa kidole mahali baba yao aliposimama aliposema hii ya huyu na hii ya huyu. Angekuwa hayupo, nani angeonyesha? Mwisho wazee waliafiki. Akafungua gunia, akatoa panga, akakata alama yake, mikato miwili na mmoja wa kuikingama, katika kila shina. Kwenye mnazi wa kumi na tatu alilia kidogo, akasingizia jasho.

Shida ilikuja siku ya mwisho, na ilikuja kwa adabu. Mzee wa kijiji wa serikali alikaa na kitabu chake cha kuandikia mgawanyo.

"Wewe wafanya kazi Changamwe," alimwambia Lewa. "Nitajuaje kama hukutoroka kazini? Watoro siwaandikii mali, halafu polisi waje kuniuliza. Niletee barua ya ofisi, iseme siku hizi ulikuwa likizo. Nakupa mpaka Krismasi."

"Likizo ninayo, mzee. Nimehesabiwa. Siku nane na sehemu ya sita."

"Basi iletwe kwa karatasi."

"Ni haki," alisema Jefwa haraka haraka. "Mambo ya serikali yanataka karatasi."

Lewa hakuona taabu yoyote. Barua ya kusema ukweli itakosekanaje? Alilala njiani kwa jamaa Mazeras, na Jumatano, siku ya tisa, akapanda gari la asubuhi, moja kwa moja mpaka kazini. Ile saa moja unusu ilimfaa sana. Alifika langoni saa mbili na dakika ishirini na tano, akasimama pembeni azimalize tano zilizobaki, kwa kuwa zilikuwa zake.

* * *

"Jina?" aliuliza bawabu wa zamu, mgeni aliyeanza kazi wiki ile.

"Lewa Kitsao."

Bawabu alitazama ubao wake. "Lewa Kitsao ameingia tangu saa moja."

"Ni mimi Lewa."

"Ndiyo nakwambia ameingia. Mrefu, ana pengo."

Kahaso alikuwa amefikiria kila kitu. Alijua mumewe atafika saa mbili unusu. Akaona, je, na hiyo saa moja unusu? Mtu wa singlendi ya bluu si atakaa humo? Akamwambia Gona akaishikilie mpaka mwenyewe afike. Kweli Gona aliishikilia. Aliposikia makelele langoni akachungulia, akaona mlamu wake ameshikwa mkono na bawabu, akaiacha mashine inazunguka, akapita nyuma kwenye lundo la makumbi, akaruka seng'enge na kupotelea kwenye mihogo ya watu. Kipande cha kaptura yake kilibaki kwenye seng'enge.

Basi ofisini aliingizwa Lewa peke yake, na kwa mara ya kwanza akakanyaga ile sakafu ya ndani. Aliambiwa avue viatu. Hakuwa na viatu. Akaambiwa basi apanguse miguu.

Mezani palikuwa na kitabu cha likizo na tikiti ya nane. Bwana meneja alivitazama hivi viwili, kimoja kisha kingine, kwa utulivu mkubwa. Hakuwa mtu wa kupiga kelele.

"Kitabu nasema Lewa iko likizo," alisema. "Tikiti nasema Lewa iko kazi. Mimi nataka Lewa moja tu."

Wafula, jasho linamtoka kwenye kola, alianza kumfafanulia bwana kwa Kiingereza, kisha akamgeukia Lewa kwa Kiswahili. Kama Lewa alikuwa likizo, basi zile alama sita ni za mtu mwingine aliyeingia kiwandani kwa jina si lake. Huyo ni mwizi, naye Lewa ni mwenzake, na nyapara ni wa tatu. Tena itabidi tikiti zote saba zichunguzwe, kila alama ni ya nani, na shauri lipelekwe polisi. Lakini kama Lewa alikuwa kazini, basi hakuna mwizi. Ni karani tu aliyekosea kuandika likizo ambayo mwenyewe hakuichukua.

"Sikukosea," alisema Wafula polepole, kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini. Hilo lilimuuma kuliko yote.

Mwinyihaji, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikohoa. "Lewa, ndugu yangu. Mambo haya tusiyapeleke mbali. Mimi n'na watoto saba. Wewe siku zile ulikuwa papa hapa, n'mekuona kwa mato yangu haya mawili." Alipoyasema hayo aliinama akatazama vidole vya miguu yake, kwa kuwa alikuwa mtu wa sala tano na alijua anachokifanya.

Lewa alisimama na panga lake la gunia kwapani, maana hakuna aliyekumbuka kumwambia aliweke. Utomvu wa minazi ulikuwa bado haujakauka kwenye makali. Aliiona ile minazi kumi na mitatu, mmoja mmoja. Aliona na Gona amefungwa pingu, Kahaso anaulizwa nani alitoa tikiti sandukuni, na chumba cha kampuni wanachokaa kimefungwa kufuli. Hasira ilimpanda akakosa pa kuitupa, kwa kuwa kila mtu mle ndani alikuwa anamwomba jambo dogo tu, na kila mtu alikuwa na sababu.

"Bwana anangoja," alisema Wafula.

"Nilikuwa kazini," alisema Lewa.

"Siku zote?"

"Siku zote zilizo kwenye tikiti."

Wafula aliandika. Kisha, kwa kuwa hesabu haikumruhusu kuishia hapo, akaendelea. "Alama hizi sita zinaanza Jumatano. Jumatatu na Jumanne ya kwanza hukuwapo, na kama hukuwa likizo, basi ulikosa kazi siku mbili bila ruhusa. Na leo umeingia saa mbili na nusu. Umechelewa saa moja na nusu." Aliinua macho, na macho yenyewe yalikuwa mekundu. "Nitakuandikia onyo moja tu."

Lewa alichovya kidole gumba kwenye wino, akakibandika alipoonyeshwa. Bwana meneja aliridhika, akarudi kwenye chai yake.

"Karani," alisema Lewa walipotoka barazani. "Nilikuwa nataka barua. Ya kwenda Kaloleni. Iseme siku zile nilikuwa likizo."

"Likizo gani, Lewa? Si umetoka kutia kidole kwamba hukwenda."

* * *

Gona hakurudi ila jua lilipokuwa limekwisha tua, kwa njia ya vichochoroni, ameshika nyuma ya kaptura yake. Alikuta dada yake na mlamu wake wamekaa kibarazani pale pale. Sufuria ya wali ilikuwa kati yao haijafunuliwa.

"Nilikuwa nakulindia nafasi," alisema Kahaso.

"Umeilinda," alisema Lewa. "Bado ninayo."

"Kwa nini hukuniambia kuwa nafasi hailindwi?"

"Mimi nilijua? Si ndiyo likizo yangu ya kwanza?"

Kahaso alijifunika uso kwa leso akalia, si kwa sauti, na Lewa akamwacha alie, kwa kuwa na yeye alitamani kulia na mahali palikuwa hapatoshi wawili. Gona alifunua sufuria, akatazama, akaifunika tena. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Aprili.

Krismasi ilifika barua haikufika. Mzee wa kijiji, mtu mwangalifu, hakutaka kumdhulumu mtu. Aliandika mwenyewe kwa kampuni akauliza: je, tarehe fulani mpaka tarehe fulani, Lewa Kitsao alikuwa wapi? Barua ilianguka mezani kwa Wafula. Wafula alikaa nayo siku nne ndani ya droo. Siku ya tano aliijibu kwa mwandiko mzuri sana, na akaipiga muhuri: kwa mujibu wa tikiti, mtu huyo alikuwa kazini Changamwe.

Hapo Kaloleni wakashangaa. Mtu aliyekuwa Changamwe anasokota kamba amekataje alama minazi ya Kaloleni? Wazee waliomwona kwa macho walisema tulimwona. Mzee wa kijiji akawaonyesha muhuri. Wakaanza kujitilia shaka, mmoja akasema ni kweli jua lilikuwa kali siku ile. Jefwa alichukua tezo akazichonga zile alama moja moja, mashina yakabaki meupe mahali pake, na akaahidi kuitunza minazi mpaka mwenyewe apatikane.

* * *

Mwezi wa Januari Wafula alimwita Lewa dirishani. Nje, kama zamani.

"Bwana meneja ni mtu wa haki," alisema. "Likizo hukuichukua, kwa hiyo haijapotea. Tena tikiti ya nane ilijaa, na tikiti nane ni siku tisa na theluthi." Alisukuma karatasi. Safari hii ilikuwa imeandikwa, imetiwa tarehe, imepigwa muhuri, kila kitu. Wafula alikuwa ameinunulia bahasha kwa pesa yake mwenyewe. "Nimekuandikia na barua. Ukitaka kuipeleka mahali."

Lewa aliichukua, akaikunja, akaitia kofiani. "Ahsante, karani."

Nyumbani, Gona aliisoma ile karatasi juu mpaka chini. Alikuwa amepunguza maneno siku hizo, lakini haki ni haki. "Na zangu mbili?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Chukua zote tisa, mlamu," alisema Lewa. "Niachie mkia."

Lakini ofisini zilikuwa zake, na siku tisa zile Lewa hakwenda popote. Alikaa kibarazani. Alitengeneza mlango uliokuwa mzima. Alimfuata Kahaso kisimani, Kahaso akamrudisha kwa kuwa wanawake walikuwa wanacheka. Kila alfajiri alizinduka wakati ule ule, akakaa kitandani akisikiliza watu wakipita kwenda langoni. Kila alfajiri Kahaso alimshika mkono asitoke, na tikiti alikuwa ameificha ndani ya pipa la unga.

Siku ya kumi alikuwa na theluthi ya siku, muda wa saa tatu kamili. Hakuweza kuingoja nyumbani. Saa moja alikuwa langoni pamoja na wengine.

"Rudi nyuma," alisema bawabu, ambaye sasa alimjua yeye, upara wake na ufupi wake. "Wewe uko likizo mpaka saa nne."

Lewa alikaa nje ya seng'enge. Mara lori likaja na makumbi, likayamwaga pale pale karibu na miguu yake, lundo kubwa, mabichi bado. Aliokota moja akaligeuza mkononi. Ganda lilikuwa nene, zuri, la mnazi kijana.

"Mzigo wa wapi huu?" alimuuliza utingo.

"Kaloleni. Wa Jefwa Kitsao. Yule mzee siku hizi ana minazi, we acha tu." Utingo alipangusa mikono yake. "Wamjua?"

"Ni kaka yangu."

"Bahati yako!" alisema utingo, akapanda lori.

Lewa alilirudisha lile kumbi juu ya lundo, akakaa akilitazama mpaka saa nne, saa zake zote tatu, hakuacha hata dakika. Kengele ilipolia aliinuka, akapangusa kaptura, akaingia. Lundo lilikuwa limekwisha anza kubebwa kwenda kwenye mashine yake. Mwinyihaji alimwamkia kwa adabu kuliko siku zote, akapokea tikiti mpya, akatia alama chumba cha kwanza.